Jinsi ya Kuelewa na Kupima Unyevu wa Vitu Vigumu Wakati wa Kukausha

Anayekausha kitu kigumu, kiwe ubao, udongo wa mfinyanzi, mchanga, nafaka au unga wa dawa, anashughulika na vitu viwili vilivyoshikamana: sehemu kavu, ambayo haiongezeki wala haipungui kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kazi, na maji, ambayo yanaondoka kila dakika. Makosa mengi niliyoyaona katika kazi hii hayatokani na kikaushio kibovu wala mizani mbovu, bali yanatokana na watu kuisahau ile sehemu kavu na kuhesabu kila jambo kwa uzito wa jumla, ambao wenyewe hautulii. Ukiishika sehemu kavu kama nguzo, hesabu zote za ukaushaji hunyooka. Ukiiacha, hata vipimo vizuri vitakudanganya.

Asilimia ya nini?

Unyevu huandikwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza hugawanya uzito wa maji kwa uzito wa kitu chote kikiwa kibichi, yaani maji pamoja na sehemu kavu. Hiyo nitaiita hesabu ya uzito mbichi. Njia ya pili hugawanya uzito uleule wa maji kwa uzito wa sehemu kavu peke yake. Hiyo nitaiita hesabu ya uzito mkavu. Katika biashara ya nafaka na ya vipande vya kuni hutumika zaidi ya kwanza, ilhali mafundi mbao, wahandisi wa udongo na wanaosanifu vikaushio hutumia ya pili. Kwa hesabu ya uzito mbichi jibu haliwezi kufika asilimia 100. Kwa hesabu ya uzito mkavu linaweza kupita 100 bila kosa lolote, kwa kuwa mti uliokatwa leo unaweza kubeba maji mazito kuliko ubao wenyewe.

Niliwahi kukaa kati ya muuzaji na mnunuzi wa vipande vya kuni waliobishana asubuhi nzima. Karatasi ya muuzaji ilisema unyevu ni asilimia 25, ya mnunuzi ilisema asilimia 20, na kila mmoja aliamini kwamba kipimo cha mwenzake kimeharibika. Nilichukua sampuli zao mbili, nikazikausha kwenye oveni moja, na maji yaliyotoka yalikuwa sawa kabisa kwa kila gramu ya sehemu kavu. Mmoja alikuwa amegawanya kwa uzito mkavu, mwingine kwa uzito mbichi. Tangu siku hiyo sikubali karatasi yoyote yenye asilimia ya unyevu ambayo haijaandikwa pembeni imegawanywa kwa uzito upi.

Kubadili kutoka hesabu moja kwenda nyingine ni jambo jepesi. Ukiwa na unyevu kwa uzito mbichi katika desimali, ugawanye kwa moja ukitoa unyevu huohuo: 0.20 kugawanya kwa 0.80 ni 0.25. Ukitaka kurudi, ugawanye kwa moja ukijumlisha unyevu huohuo: 0.25 kugawanya kwa 1.25 ni 0.20. Unyevu ukiwa mdogo, tofauti ya hesabu hizi mbili ni ndogo pia, lakini huongezeka upesi kadiri kitu kinavyokuwa kibichi zaidi, kiasi kwamba asilimia 50 ya uzito mbichi ni asilimia 100 ya uzito mkavu.

Mtego mkubwa ni kutoa asilimia za uzito mbichi kana kwamba ni kilo. Chukua kilo 100 za kitu chenye unyevu wa asilimia 80, ukitaka kukishusha hadi asilimia 50. Wengi husema kwamba zitaondoka kilo 30. Rudi kwenye sehemu kavu: ni kilo 20, nayo haiondoki. Kwa asilimia 50, sehemu kavu na maji ni nusu kwa nusu, kwa hiyo maji yanayobaki ni kilo 20, na yaliyoondoka ni kilo 60. Robo tatu ya maji yote imekwenda, ingawa karatasi inaonyesha kwamba unyevu umeshuka kutoka 80 hadi 50 tu. Kwa uzito mkavu safari hiyohiyo ni kutoka asilimia 400 hadi 100, na hapo ukubwa wa kazi unaonekana waziwazi.

Kupima kwa oveni na mizani

Njia ya oveni ndiyo mama wa vipimo vingine vingi vya unyevu, na inafaa kila anayekausha aijue kwa mikono yake kabla ya kununua kifaa chochote cha kubonyeza. Ichukue sampuli mahali panapowakilisha mzigo: ubao usikatwe ncha, kwa sababu ncha hukauka mapema kuliko katikati, na vitu vilivyorundikwa visichotwe juu ya rundo peke yake. Mara tu sampuli inapokatwa, iweke kwenye chombo kisichopitisha hewa, kwani kipande chembamba kinachosubiri mezani kwa nusu saa hakina tena unyevu wa mzigo kilikotoka.

Hebu tuifuate sampuli moja ya ubao. Kopo tupu na mfuniko wake lina gramu 42.6. Kopo likiwa na sampuli mbichi lina gramu 128.4, kwa hiyo sampuli yenyewe ni gramu 85.8. Mfuniko unafunguliwa, kopo linaingia kwenye oveni yenye nyuzi 103 za Selsiasi, na linaachwa hadi siku inayofuata. Linapotolewa linafunikwa papo hapo na kuwekwa ndani ya chombo chenye chembe za jeli ya silika, ambazo hunyonya mvuke wa hewa, hadi lipoe, kwa maana kopo la moto huinua hewa juu ya mizani na kuonyesha uzito mdogo kuliko wa kweli, na sampuli kavu ikiachwa wazi huanza kunywa mvuke wa hewa mbele ya macho yako. Kwenye mizani nyeti utaona tarakimu ya mwisho ikipanda taratibu. Uzito wa kwanza ni gramu 98.1. Baada ya saa chache zaidi kwenye oveni ni 96.9, kisha 96.6, kisha tena 96.6. Uzito uliotulia ndio ishara ya kuacha, wala si saa ya ukutani. Sehemu kavu ni gramu 54.0 na maji ni gramu 31.8, unyevu ni asilimia 58.9 kwa uzito mkavu au 37.1 kwa uzito mbichi.

Sasa hesabu hiyo ndogo inabeba mzigo mkubwa. Tuseme mbao zilizotoka kwenye shehena hiyohiyo zina kilo 620, na lengo ni asilimia 12 kwa uzito mkavu. Gawanya 620 kwa 1.589 upate sehemu kavu ya kilo 390. Zidisha kwa 1.12 upate kilo 437, ambao ndio uzito unaopaswa kuusoma kwenye mizani siku kazi itakapokamilika. Maji ya kuondoa ni kilo 183. Kwa kuwa kila kilo ya maji huhitaji takribani kilojuli 2,400 ili kugeuka mvuke katika joto la kawaida la kukaushia, mzigo huo unadai karibu kilojuli 440,000, ambazo ni kama yuniti 122 za umeme, kabla ya kuhesabu joto linalopotea kupitia kuta na hewa inayotolewa nje. Aliyetoa asilimia za uzito mbichi, yaani 37.1 kutoa 10.7, angekadiria maji ya kilo 164 na kuufungua mlango wa kikaushio wakati mbao bado zina karibu asilimia 17 kwa uzito mkavu.

Joto la oveni halichaguliwi kwa kubahatisha. Ubao hukaushwa kwa nyuzi 103, zikiachiwa mbili juu au chini. Udongo wa uhandisi kwa nyuzi 105 hadi 110. Nafaka iliyosagwa mara nyingi kwa karibu nyuzi 130 kwa muda uliowekwa. Jasi ni hadithi nyingine. Ndani ya fuwele zake mna maji yaliyo sehemu ya mwili wake, karibu asilimia 21 ya uzito, na oveni ya nyuzi 105 itayang'oa hayo pia na kukuletea unyevu ambao haukuwapo, ndiyo maana jasi hukaushwa kwa nyuzi 40 hivi. Vilevile mbao zenye utomvu na vitu vyenye mafuta yanayoruka hupoteza uzito usio wa maji, na vitu vyenye sukari huungua. Kwa vitu vya namna hiyo maabara hutumia njia iliyochapishwa mwaka 1935 na mwanakemia Mjerumani Karl Fischer, ambayo hupima maji kwa mmenyuko wake na iodini badala ya kutegemea uzito uliopungua.

Vifaa vya mkononi vinasaidia sana mradi ujue vinasoma nini. Chenye sindano mbili hupima jinsi umeme unavyozuiwa kati ya sindano hizo. Kwa mbao kinaaminika kati ya asilimia 7 na 30 hivi kwa uzito mkavu, na usomaji wake hubadilika kwa aina ya mti na kwa joto la ubao. Kisicho na sindano huathiriwa na uzito wa mbao kwa ujazo wake, hivyo mti mzito husomeka kuwa na maji mengi kuliko yaliyomo. Vyote viwili vilinganishwe na oveni kwa sampuli kadhaa za kitu unachokausha wewe, kisha andika tofauti na uibandike kwenye kifaa.

Maji yamekaa wapi

Maji yote hayajashikwa kwa nguvu moja, na jambo hilo ndilo linaloeleza kwa nini kilo ya mwisho huchukua muda mrefu kuliko kilo kumi za mwanzo. Maji yaliyo juu ya uso na ndani ya vitundu vikubwa huishi kama maji ya kwenye beseni: hutoa mvuke kwa kani ileile ya maji matupu, na huondoka bila ubishi. Mengine yameng'ang'ania kwenye kuta za seli, kwenye vitundu vyembamba mno au kwenye nyuso za chembe za udongo, na mvuke wake una kani ndogo zaidi. Hayo ni maji yaliyofungwa. Mchanga safi na shanga za kioo hazina karibu chochote cha namna hiyo; ubao, karatasi, pamba, nafaka na udongo wa mfinyanzi vinayo kwa wingi.

Kwa ubao, mpaka kati ya makundi hayo mawili huwa karibu asilimia 30 kwa uzito mkavu. Juu ya mpaka huo maji yanatoka kwenye mashimo ya seli na ubao haubadili ukubwa. Chini yake kuta zenyewe zinaanza kukauka, na hapo ndipo ubao husinyaa, hujipinda na kupasuka. Udongo wa mfinyanzi huenda kinyume: husinyaa mwanzoni, wakati maji yaliyotenganisha chembe yanapotoka, na chembe zikishagusana kusinyaa kunakoma ingawa bado kuna maji kwenye mianya. Mtu aliyezoea kimoja akahamia kingine bila kujua hili ataharakisha mahali pa kupunguza mwendo.

Maji yaliyofungwa hayatoki yote hata ukisubiri mwaka mzima. Kitu kikikaa katika hewa isiyobadilika, hufika mahali ambapo mvuke unaotoka na unaoingia ni sawa, na unyevu wake wa wakati huo huitwa unyevu wa msawazo. Unategemea kitu chenyewe, joto, na zaidi ya yote unyevunyevu wa hewa, yaani asilimia ya mvuke uliopo ukilinganishwa na ule wote ambao hewa ingeweza kuubeba katika joto hilo. Kwa mbao nyingi katika nyuzi 20, hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 30 huupeleka ubao hadi karibu asilimia 6. Hewa ya asilimia 50 huupeleka hadi 9. Ya 65 hadi 12. Na ya 90 hadi kama 20. Kwa hiyo anayetaka asilimia 8 katika chumba chenye hewa ya asilimia 65 anaomba jambo ambalo hewa hiyo haiwezi kumpa, na dawa yake si muda zaidi bali ni kuikausha hewa au kuipasha joto. Maji yaliyozidi unyevu wa msawazo ndiyo maji huru, nayo peke yake ndiyo yanayoweza kuondoka katika hewa uliyo nayo.

Kusoma mwendo wa ukaushaji

Pima uzito wa sinia moja kila saa na uandike. Tuseme sinia lina kitu chenye sehemu kavu ya kilo 2.00, na uzito unaosomeka kila saa, bila sinia, ni 2.80, 2.70, 2.60, 2.50, 2.40, 2.315, 2.254, 2.210, 2.179 na 2.157. Usiangalie uzito, angalia kilichopungua. Kwa saa nne za mwanzo ni gramu 100 kila saa bila kubadilika, kisha ni 85, 61, 44, 31 na 22.

Saa nne za mwanzo ni kipindi cha mwendo thabiti. Uso wa kitu umelowa, maji yanafika juu haraka kama yanavyovukizwa, na anayeamua mwendo ni hewa: joto lake, ukavu wake na kasi yake. Katika kipindi hiki uso hupoa hadi joto linaloonyeshwa na kipimajoto chenye utambi uliolowa, hata kama hewa inayopita ina joto kali zaidi, kwa sababu joto lote linaloingia linatumika kuvukiza maji. Hiyo inakupa ishara rahisi: bandika kipimajoto kidogo kwenye uso, na pale kinapoanza kupanda kuelekea joto la hewa, kipindi cha kwanza kimekwisha mahali hapo.

Unyevu wa wakati mwendo unapoanza kushuka, hapa asilimia 20 kwa uzito mkavu, huitwa unyevu kizingiti. Usiuchukue kama sifa ya kitu peke yake. Tabaka likiwa nene au hewa ikiwa kali, uso hukauka kabla maji ya ndani hayajafika, na kizingiti hujitokeza mapema, katika unyevu wa juu zaidi.

Baada ya kizingiti, anayeamua ni kitu chenyewe. Katika mfano wetu unyevu wa msawazo ni asilimia 5, hivyo uzito wa mwisho kabisa ni kilo 2.10, na maji huru yaliyobaki kwenye kizingiti ni gramu 300. Kila zinapopita saa mbili na dakika chache, maji huru hupungua nusu: 300, 150, 75. Ndiyo maana gramu 400 za mwanzo zilitoka kwa saa nne, na gramu 243 zilizofuata zikadai saa tano. Kuongeza feni wakati huu ni kupoteza umeme. Kinachosaidia ni joto, ambalo huyapa maji ya ndani wepesi wa kusogea, na zaidi ya hapo wembamba wa tabaka. Pale ambapo maji husafiri kwa kusambaa ndani ya kitu, muda hufuata kipeo cha pili cha unene: ukiongeza unene mara mbili, muda huwa karibu mara nne. Katika kipindi cha mwendo thabiti unene huohuo ungeongeza muda mara mbili tu. Kabla ya kununua kikaushio kikubwa zaidi, jaribu kupunguza unene wa tabaka katika sinia.

Wastani huficha kiini

Uzito wa sinia hukupa unyevu wa wastani, lakini hakuna kitu kinachokauka chenye unyevu mmoja kutoka uso hadi kiini. Hewa kali mwanzoni hukausha ganda la nje, ganda linataka kusinyaa, kiini kilicholowa kinakataa, na nyufa huanzia juu. Katika vitu vingine ganda hukazana na kuwa gumu, likayafungia maji ndani. Nje pakavu, mizani inaridhisha, na siku chache baadaye uso unalowa tena kwa maji yaliyotoka kiinini. Njia ya kulijua hilo ni kukata kipande cha majaribio, kutenganisha ganda na kiini kwa kisu au msumeno, kuvitia kwenye makopo mawili na kuvipima kwa oveni kila kimoja peke yake. Tofauti ikiwa kubwa, punguza ukali wa hewa, au simamisha kikaushio na ukipe kitu muda wa kutulia huku hewa ikiachwa na unyevunyevu wa kutosha, ili maji ya ndani yasambae.

Kitu kikishatoka kwenye kikaushio, hewa ya ghala inachukua usukani. Ubao wa asilimia 8 ukiwekwa katika hewa ya asilimia 65 utapanda kuelekea 12, ingawa kwa kawaida utasimama chini kidogo ya pale ambapo ubao mbichi ungesimama ukishuka, kwa sababu kitu kinachokauka hushikilia maji mengi kuliko kinacholowana katika hewa ileile. Chagua kipande kimoja ambacho sehemu yake kavu unaijua, kiandike uzito huo kwa kalamu isiyofutika, kiache katikati ya mzigo na ukipime kila juma. Kipande cha gramu 540 kwa uzito mkavu kitasoma gramu 583 kikiwa na asilimia 8 na gramu 605 kikifika asilimia 12, na tofauti hiyo ya gramu 22 utaiona kwenye mizani ya kawaida.